Lori Likisimama, Mshahara Nao Husimama

Saa kumi na mbili asubuhi dereva anafika kwenye lango la ghala. Ameendesha usiku kucha kwa sababu mzigo ulitakiwa saa moja, na ghala lina utaratibu wake: ukichelewa nusu saa, nafasi yako anapewa mwingine. Anashuka na karatasi zake, anazipitisha dirishani, anapewa namba. Kufikia saa nne bado yuko kwenye foleni, tena ile foleni mbaya kuliko zote, inayosogea. Kila baada ya dakika ishirini lori la mbele linajongea, naye awashe injini, aachie breki ya upepo, asogee mita kumi na tano, afunge breki tena. Akipitiwa na usingizi, wa nyuma wanapiga honi na wengine wanampita. Saa sita anashuka tena kwenda dirishani.

"Kijana wangu, namba yangu vipi?"

"Bado, mzee. Kaa kwenye gari, utaitwa."

"Nipo hapa tangu alfajiri."

"Wote mpo tangu alfajiri, mzee."

Nimeanzia langoni kwa makusudi. Makala nyingi kuhusu madereva wa masafa marefu huanzia mlimani: kona, ukungu, breki zinazonuka kwa joto, mteremko usioisha. Hayo yapo na yanaua. Lakini kaa na madereva wenyewe wakiwa wametulia, utagundua kwamba barabara hawailalamikii kwa uchungu unaoudhania. Wengi waliingia kazi hii kwa sababu wanapenda kuendesha. Manung'uniko yao ni ya kusimama. Kusimama bandarini, kusimama mpakani, kusimama mzani, kusimama ghalani, kusimama kando ya njia kipuri kikisubiriwa. Na baada ya kuwasikiliza kwa muda mrefu nimefikia kuamini kwamba ukatili wa kazi hii umejificha kwenye kifungu kimoja cha malipo ambacho ukikisoma haraka hukioni: dereva analipwa kwa umbali au kwa safari, na saa za kusubiri hazina mwenyewe.

Sehemu nyingi za dunia ndivyo ilivyo. Marekani ni senti kwa maili. Kwingine ni kiasi kwa safari, kiwe kimefungwa kwenye mshahara mdogo au kikiitwa posho. Jina hubadilika, hesabu ni ileile. Magurudumu yakizunguka hela inaingia. Yakisimama, dereva anakula akiba yake. Safari iliyopangwa siku nne ikichukua siku tisa, malipo ni ya siku nne.

Sasa mfikirie meneja wa ghala, mtu wa kawaida tu, asiye na roho mbaya. Ana foklifti sita, zile mashine za kunyanyulia mizigo, na malori thelathini nje. Akiongeza foklifti mbili na waendeshaji wake, foleni itaisha mapema, lakini hizo foklifti zina gharama na waendeshaji wanataka mshahara. Foleni ya nje haimgharimu chochote. Angekuwa anatozwa kwa kila saa ambayo lori linakaa langoni, siku hiyohiyo angekuwa na foklifti nane. Kwa kuwa hatozwi, anafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: anatumia cha bure. Wenye mikataba mizuri huwa na kifungu cha fidia ya kucheleweshwa, ila mara nyingi fidia hiyo huanza baada ya saa kadhaa za kusubiri, na ikilipwa huishia kwa mwenye gari. Dereva husikia habari zake tu.

Mtu anaweza kusema hili ni suala la kipato, usalama ni mambo mengine. Hapana. Mwaka 2018 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya uchukuzi ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu ucheleweshaji huu wa kwenye maghala. Ilikadiria kwamba muda wa lori kukaa sehemu ya kupakia au kushusha ukiongezeka kwa dakika 15 tu, kiwango cha ajali kinachotarajiwa hupanda kwa asilimia 6.2. Dakika kumi na tano! Ripoti hiyohiyo ilikadiria kuwa ucheleweshaji huwapunguzia madereva wa sekta hiyo kipato cha kati ya dola bilioni 1.1 na bilioni 1.3 kwa mwaka. Ukitaka kujua lango linasababishaje ajali iliyotokea kilomita mia tatu mbele yake, fuata saa. Dereva aliyepoteza saa tano langoni ana mteja mwingine anayemsubiri, na mteja huyo hana habari na saa tano hizo. Atazifidia wapi? Kuna sehemu mbili tu za kuzichukua, kwenye mwendo na kwenye usingizi.

Na usingizi haukopesheki. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na uwezo kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkamatia dereva. Akifika saa 24, ni kama ana asilimia 0.10. Lori lililo kwenye kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kope zikishuka kwa sekunde nne, tani 40 zimetembea karibu mita 90 zikiwa hazina mtu. Dereva mwenyewe hajui kama amelala. Anachojua ni kwamba kibao cha kilomita alichokuwa anakitazamia hakukiona.

Juni 2014, kwenye barabara kuu ya New Jersey, lori liligonga kwa nyuma gari lililombeba mchekeshaji Tracy Morgan. Mchekeshaji mwenzake, James McNair, alifariki. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilipochunguza ilibaini kuwa dereva alikuwa macho kwa saa 28. Kabla ya kuingia kazini alikuwa ameendesha gari lake mwenyewe usiku kucha kutoka nyumbani kwake Georgia hadi kituo chake cha kazi Delaware. Alikuwa kwenye mwendo wa kama kilomita 105 kwa saa mahali ambapo kibao cha matengenezo ya barabara kilitaka kama 72. Lakini kwa hesabu ya saa za kazi za siku hiyo, alikuwa bado hajavuka kikomo. Hapo ndipo panaponitatiza. Sheria inahesabu saa za kazi. Mwili unahesabu saa za kuwa macho.

Sheria zenyewe si haba. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unataka dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 bila kupumzika, saa 9 kwa siku, saa 48 kwa wiki. Mkataba mzuri, ulioridhiwa na nchi chache mno. Umoja wa Ulaya una kanuni yake ya 2006: saa 9 kwa siku, au 10 mara mbili kwa wiki, na mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu za usukani. Marekani ni saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14 tangu uanze kazi, na dirisha hilo likishafunguka halijali kama unaendesha au umekaa langoni unahesabu nzi. Ukisubirishwa saa sita, umebakiwa na nane za kumaliza safari yako. Kwa hiyo sheria iliyowekwa kumlinda dereva humgeukia: kila saa ya foleni inakula saa za kulipwa, na anapotoka hapo anakanyaga mafuta akishindana na saa.

Enzi za daftari la karatasi la kuandikia saa za kazi, madereva walimaliza ugomvi huu kwa kalamu. Waliandika walichotakiwa kuandika, wengine wakiwa na madaftari mawili. Ndipo vikaja vifaa vya kielektroniki vya kurekodi saa hizo, na Marekani ikavilazimisha kuanzia Desemba 2017. Tulitarajia ajali zishuke. Watafiti waliofuatilia kumbukumbu za ukaguzi walikuta kwamba udanganyifu wa saa ulipungua kweli, lakini ajali hazikupungua, na makosa ya mwendo kasi yakaongezeka, hasa kwenye kampuni ndogo. Mimi sishangai. Ukimwekea mtu saa isiyodanganyika huku ukiwaacha wengine waendelee kumpotezea saa hizo bure, umembakizia kanyagio cha mafuta peke yake.

Ulaya kifaa hicho ni takografu, na ningependa kila anayeandika kuhusu uzembe wa madereva akitazame kwa karibu. Kina alama nne. Usukani, yaani ninaendesha. Hiyo inajiwasha yenyewe. Nyundo mbili zilizopishana, ninafanya kazi nyingine. Kisanduku kilichokatwa mstari, nipo tayari nasubiri. Na kitanda, napumzika. Lori likishasimama, ni kidole cha dereva kinachochagua kati ya nyundo, kisanduku na kitanda. Yuko kwenye ghala anasukuma mizigo kwa mikono, kiunzi cha mbao kikimkwaruza magoti, na kwenye kioo kidogo kinawaka kitanda, kwa kuwa akibonyeza nyundo saa zake za wiki zitakwisha kabla ya safari. Wakorofi zaidi hubandika sumaku kwenye kihisio cha gia ili kifaa kiamini kwamba lori limesimama likiwa kwenye mwendo wa kilomita 90. Wanakamatwa na wanastahili. Lakini kitanda kile cha uongo hakihitaji sumaku. Kinahitaji tu mtu anayeogopa kukosa safari inayofuata.

Hebu turudi nyuma kidogo, maana hali hii haikushuka kutoka mbinguni. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938, iliyoleta malipo ya saa za ziada, iliwaacha nje madereva wa malori yanayovuka mipaka ya majimbo. Waliwekwa chini ya utaratibu mwingine, na mpaka leo hawajaingizwa. Kisha mwaka 1980 nchi hiyo ikafungua soko la usafirishaji: kampuni mpya zikamiminika, nauli za mizigo zikaanguka, na mishahara ya madereva ikazifuata. Mlaji alinufaika, sikatai. Vitu dukani vilishuka bei kwa sehemu kwa sababu kuna mtu alikuwa analala kabini bila kulipwa.

Matokeo yake ni kitu ambacho wenye kampuni hukiita upungufu wa madereva. Kila baada ya miaka michache wimbo huo unapigwa: hakuna madereva, vijana hawataki kazi, tulegeze masharti ya leseni. Mwaka 2021 Uingereza ilifikia kutangaza viza 5,000 za muda kwa madereva wa malori huku wananchi wakipanga foleni kwenye vituo vya mafuta. Lakini tazama takwimu moja. Kwenye kampuni kubwa za Marekani zinazobeba mzigo wa lori zima kwa masafa marefu, kiwango cha madereva wanaoondoka na kubadilishwa kilizidi asilimia 90 kwa mwaka, tena miaka nenda miaka rudi. Ndoo iliyotoboka haijai kwa kuongezewa bomba. Watu wenye leseni wapo. Wameonja wakaondoka, na wengi wameondoka ndani ya miezi ya mwanzo, walipogundua kwamba ule mshahara wa kwenye tangazo ulihesabiwa kama vile malango yote duniani yako wazi.

Wanaobaki hulipa kwa mwili. Uchunguzi wa madereva wa masafa marefu uliofanywa Marekani mwaka 2010 ulikuta asilimia 69 wana unene wa kupindukia na asilimia 51 wanavuta sigara, viwango vya zaidi ya mara mbili ya wafanyakazi wengine. Moshi wa dizeli uliwekwa na Shirika la Afya Duniani, kupitia wakala wake wa saratani, kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 2012. Mgongo, figo, shinikizo la damu, orodha inajulikana. Familia pia inajulikana, na sitaikalia sana, maana kila makala ina yule mtoto asiyemtambua baba yake.

Kuna jambo la chini zaidi ambalo wanaume hawalisemi mbele ya watu na wanawake walio kwenye kazi hii hawana njia ya kutolisema. Choo. Maghala mengi humkatalia dereva choo kwa hoja kwamba si mfanyakazi wao. Mtu amekuletea mali ya mamilioni, karatasi zake umezigonga muhuri, na unamwambia choo ni cha wafanyakazi. Desemba 2022 ilibidi muswada upelekwe kwenye bunge la Marekani ili tu madereva waruhusiwe kutumia vyoo vya sehemu wanazopeleka mizigo. Chupa za mkojo zinazotupwa kando ya barabara kuu, ambazo sisi wapita njia huzitazama kwa kinyaa na kusema madereva hawana ustaarabu, zina anwani. Zimetoka langoni.

Na maegesho. Ulaya, uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Kamisheni ya Umoja wa Ulaya mwaka 2019 ulionyesha upungufu wa nafasi kama 100,000 za malori kulala usiku. Mahakama ya Umoja huo ilishatamka Desemba 2017 kwamba mapumziko kamili ya wiki yasifanyiwe ndani ya lori. Uamuzi wa haki kabisa, ila alale wapi? Marekani kuna sheria ya mwaka 2012 inayojulikana kwa jina la dereva mmoja, Sheria ya Jason. Machi 2009 alikuwa na mzigo wa maziwa, akafika mapema kuliko muda aliopangiwa, na hakuwa na pa kuegesha salama huku akisubiri. Akaenda kuegesha kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa huko South Carolina. Aliuawa humo kabini na mwizi, kwa dola saba. Mkewe alikuwa na mimba ya mapacha, na ndiye aliyesimama kidete mpaka sheria hiyo ikapita. Ninachotaka ukione hapo ni lile neno "mapema". Kosa lake lilikuwa kuwahi.

Baada ya yote haya, ajali inapotokea taarifa huandikwa kwa sentensi mbili: lori liliacha njia, chanzo ni mwendo kasi na uzembe wa dereva. Dereva yupo hospitalini au mochwari, hawezi kujieleza. Mpokeaji mzigo aliyemzuia kwa muda wa saa tisa haandikwi. Msafirishaji aliyemwambia "fanya ufanyavyo, mzigo ufike" haandikwi. Simu yake ingesomwa tungeujua uzembe ulianzia wapi. Sisemi madereva ni malaika. Wapo wanaolewa, wapo wanaonunua vidonge vya kukesha, wapo wanaoshindana barabarani kama watoto. Lakini vidonge vya kukesha ni bidhaa ambayo haina soko mahali ambapo watu wanaruhusiwa kulala.

Dawa ipo, ingawa kila iliyojaribiwa imekutana na upinzani, na si wote wa kupuuzwa. Australia iliunda baraza la kupanga malipo ya usalama kwa madereva mwaka 2012, likavunjwa Aprili 2016. Miongoni mwa waliolipinga kwa nguvu walikuwemo madereva wenye malori yao wenyewe, walioona kwamba viwango vya lazima vingewafanya wateja wakimbilie kampuni kubwa. Hofu yao ilikuwa na msingi: ukipandisha bei ya mnyonge peke yake, unamfukuza sokoni. Korea Kusini ilijaribu nauli za usalama, yaani viwango vya chini vya lazima vya malipo, kwa kontena na saruji kuanzia 2020. Utaratibu huo ulikoma mwisho wa 2022, baada ya mgomo uliosimamisha nchi na serikali kutoa amri ya kuwarudisha madereva kazini. Japani imekwenda njia nyingine. Kuanzia Aprili 2024 dereva haruhusiwi kuzidisha saa 960 za ziada kwa mwaka, na kabla ya hapo serikali ilikuwa imeshawaelekeza wenye mizigo kwamba kusubiri, kupakia na kushusha kwa jumla kusizidi saa mbili. Watu wengi waliandika kuhusu zile saa 960. Mimi naona uzito wote uko kwenye saa mbili, kwa kuwa hapo anayeambiwa abadilike ni mwenye lango.

Wa teknolojia wananiambia nisijisumbue, malori yatajiendesha. Kweli, mwaka 2025 huko Texas yalianza kubeba mizigo ya kibiashara kati ya Dallas na Houston. Ila angalia mashine inachukua kipande gani: barabara kuu iliyonyooka, yaani kile kipande kinacholipwa. Mjini, bandarini, kwenye foleni na kwenye ugomvi wa karatasi atabaki binadamu. Kama malipo yatabaki kwa kilomita, atakuwa amebakishiwa kusubiri peke yake.

Mwaka 2023, kwenye kituo cha mapumziko cha Gräfenhausen nchini Ujerumani, madereva zaidi ya 60, wengi wao kutoka Georgia ile ya Caucasus na Uzbekistan, walizima injini kwa sababu mwajiri wao hakuwa amewalipa. Walikaa hapo wiki kadhaa. Mwajiri alileta walinzi wa kukodi na gari la deraya ili ayachukue malori yake, polisi wakaingilia kati. Madereva hawakuwa na silaha wala wakili mkubwa. Walikuwa na mizigo ya watu, na mizigo hiyo haitembei. Wenye mali walipoanza kupiga simu, pesa zilipatikana na madereva wakalipwa. Ni malori yaleyale na kusimama kulekule, isipokuwa safari hii gharama ya kusimama ilimwangukia mwingine.

Kule langoni, namba imeitwa saa kumi jioni. Kushusha kumechukua dakika hamsini. Karatasi zimegongwa muhuri, lori ni tupu, na kifaa cha kwenye dashibodi kinamwonyesha dereva kwamba amebakiza dakika kumi na mbili za kisheria. Anamwendea yule kijana wa dirishani kumwomba alale hapohapo uani mpaka asubuhi.

"Hairuhusiwi, mzee. Saa kumi na mbili tunafunga geti."